Mteremko Nyuma ya Jikoni kwa Mama

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa la maji. Nikikata mteremko ulio nyuma ya jikoni kwa mama ili nipate mahali sawa pa kukalia, mvua ikija maji yataenda wapi? Niliyawaza yakishuka yamebeba udongo wangu mpya, viti vya plastiki na sufuria ya chai, hadi mlangoni kwa jirani wa chini. Jirani angetoka na tochi kuuliza ni nani aliyefanya hivi, na jibu lingekuwa mimi. Chuoni nilisomea takwimu. Ni somo linalokuonyesha njia nyingi ambazo jambo laweza kuharibika, kisha linakurudisha kwa mamako kusubiri kazi.

Chini ya swali la maji kulikuwa na lingine nililolikwepa. Je, mahali hapo pangemsaidia mama kweli, au nilitaka tu kuonekana nina shughuli?

Kwetu ni milima ya Kilungu. Watu waliozaliwa huku hutembea wakiwa wameinama kidogo mbele, hata wakiwa mjini kwenye barabara tambarare. Mama hakuzaliwa huku. Aliletwa na ndoa kutoka Kyuso, kaskazini mwa Kitui, ambako ardhi imelala na mtu akija unamwona muda mrefu kabla hajafika. Miaka yote hii hajaacha kushangaa. "Kwetu ukiangusha chungwa unainama unaliokota," husema. "Huku ukiangusha chungwa, unaliaga."

Nyumba yetu imekaa kwenye kipande chembamba kilichochongwa mlimani. Mbele kuna baraza inayotazama barabara ya udongo wa murram. Nyuma kuna mlango wa jikoni, hatua chache za udongo uliokanyagwa, kisha mteremko: matuta yanayoshuka moja baada ya jingine, yenye migomba, miparachichi na nyasi ya nepia kwenye kingo. Matuta hayo yalichimbwa na mama pamoja na wanawake wa mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, alipokuwa bibi arusi asiyejua hata kusimama kwenye mlima. Baba alikuwa kazini mbali, akirudi mwisho wa mwezi, na sasa hayupo tena. Wanawake ndio waliomfundisha mama kuishi kwenye mteremko.

Juu ya tuta la pili ilipita njia ya miguu. Haikuwa yetu wala ya mtu mwingine. Watu wa bondeni waliifuata kupanda kanisani na madukani, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeikanyaga kwanza. Jioni mama alikuwa akiteremka hadi pale na kigoda chake na ungo wa mbaazi, anakaa ukingoni akimenya. Mwanamke akipita alitua kyondo, kikapu chake cha begani, akachukua konzi ya mbaazi kumsaidia, na habari zikaanza.

Aliyekaa zaidi ya wote alikuwa mshonaji. Ana cherehani yake kwenye veranda ya duka moja huko juu, na nyumba yake iko bondeni, kwa hiyo hupita kwetu asubuhi na jioni. Yeye na mama waliolewa huku msimu mmoja. Nikiwa mtoto nilizoea kuona vichwa vyao viwili pale chini, vitambaa vikigusana, wakiongea kwa sauti ambayo huwezi kuisikia hata ukisimama hatua tatu kutoka pale. Najua kwa sababu nilijaribu.

Kisha goti la mama likaharibika. Daktari akamwambia asiteremke wala kupanda ovyo, jambo ambalo ukimwambia mtu wa Kilungu ni sawa na kumwambia akae ndani. Mama akabaki kwenye mlango wa jikoni na mkongojo wake, na mazungumzo yakawa hivi, kutoka mlangoni hadi njiani na kurudi:

"Bwana asifiwe!"

"Amen! Mmeamkaje?"

"Tuko! Mguu je?"

"Uko tu!"

"Mvua?"

"Bado!"

"Haya basi!"

Mshonaji alikuwa akipanda kwetu mara mojamoja mwanzoni, lakini kutoka njiani hadi jikoni hakukuwa na ngazi, ni ukingo wa tuta wenye utelezi, naye si msichana. Akawa anapunga mkono na kupita.

Sikuliona hilo kuwa tatizo hadi Jumapili moja mama aliporudi kanisani kwa boda boda akakaa kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nilimletea chai, hakuigusa. Baadaye akasema binti ya mshonaji alipoteza mtoto tumboni, na kwamba alikuwa amelazwa, ametoka, amerudi kwa mumewe, yote hayo yakiwa yamekwisha kupita. Kanisa lilikuwa linaombwa limkumbuke katika maombi.

"Nimeambiwa na kipaza sauti," mama alisema. "Mimi. Kama mgeni aliyekuja kwa ibada."

"Hakukupigia simu?"

"Kwake simu ni ya kuuliza kama mtu amefika." Alizungusha kikombe bila kunywa. "Na angefanyaje? Angesimama pale njiani anipigie kelele hiyo?"

Ndipo nikaelewa kwamba tangu goti liharibike, mama alikuwa akipata tu habari zinazoweza kupigiwa kelele: mvua, bei ya parachichi, arusi ya nani. Zile nyingine zilikuwa zikipita chini yake na kuendelea na safari.

Hapo ndipo wazo la kiwanja lilipoanza. Niliangalia picha kwenye simu, za bustani zenye mteremko katika nchi za watu, zimepangwa kwa mbao na taa ndogondogo na viti vya mito. Niliwaza: nikimtengenezea mama mahali sawa, karibu na mlango wa jikoni, watu watakuja wakae naye. Apate kipande chake cha Kyuso. Nikawaza pia maji, na udongo, na kama ukuta wa mawe utafura mvua ikiingia nyuma yake. Niliwaza mpaka mama akasema, "Wewe, jembe si mtihani. Anza."

Nilianza. Nilikata udongo upande wa juu na kuumwaga upande wa chini, nikaushikilia kwa ukuta mfupi wa mawe makavu, nikaacha matundu maji yapumue. Jirani wa chini, yule niliyemwogopa, alikuja kunisaidia kubeba mawe makubwa. Ni mwanamume mpole anayependa kutania.

"Ukiniletea mafuriko," alisema, "mimi nitakuletea mbuzi zangu wale maua yako."

"Nimechimba mtaro. Maji yataingia kwenye tuta la kwanza."

"Na tuta la kwanza likijaa?"

Sikulala vizuri kwa sababu ya swali lile. Nikauongeza mtaro kina.

Mama alikaa mlangoni akitazama, akituhurumia na kutucheka. Siku niliyomwaga changarawe na kuisawazisha kwa ubao, alitoka polepole akaweka parachichi katikati ya kiwanja. Halikusogea. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Umeniletea Kyuso," alisema, na akarudi ndani haraka kuliko goti lake lilivyopenda.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na wasiwasi kuhusu njia. Mtu akipita kule kwenye tuta la pili angeinua macho na kumwona mama na wageni wake, wakila, wakicheka, miguu imenyooshwa. Picha za kwenye simu zote zilikuwa na ua. Kwa hiyo nikapanda miche ya michongoma kwenye ukingo wa kiwanja, na kwa kuwa ingechukua muda kukua, nikasimamisha miiba mikavu mbele yake. Kisha nikaongea na jirani wa chini, naye akakubali njia ihamie mpakani mwetu, chini kabisa, penye nafasi. Watu hawakulalamika. Waliona matawi yamelazwa kwenye njia ya zamani, wakageuka na kushuka.

Tuliwaalika wanawake wa kikundi cha mama cha kanisa Jumapili moja mchana. Nilipika muthokoi, kwa sababu mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ndicho chakula ambacho hakuna atakayekikataa, na chapati, na kuku. Nilikuwa nimewaza kila kitu: kivuli saa nane kitakuwa wapi, kiti kipi kina mgongo mgumu wa kumfaa mama, nzi.

Kitu ambacho sikuwaza ni kwamba ukimwalika mtu, amealikwa. Walikuja wote pamoja kwa barabara, wakaingia kwa mlango wa mbele, wamevaa sare ya kikundi, kila mmoja na kitu mkononi, sukari, unga, majani ya chai. Walipitia sebuleni, wakatokea jikoni, wakasimama kwenye changarawe yangu wakishangaa kwa heshima. Mwenyekiti aliomba. Tulikula. Waliisifu chapati. Mmoja akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya wengine, akasema wamebarikiwa na mandhari, na kwamba mwenye mtoto kama huyu ana haja gani tena. Wakapiga makofi. Mama naye alisimama na mkongojo akajibu shukrani. Aliyefunga kwa maombi hakuacha mtu, hata serikali aliiombea.

Mshonaji alikuwa amekaa karibu na mama kabisa. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, na mama naye vivyo hivyo, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Waliulizana kuhusu watoto, wakajibizana kwamba wazima kwa neema ya Mungu. Binti yake hakutajwa. Angetajwaje mbele ya kikundi kizima chenye sahani?

Wakati wa kuondoka mshonaji alishika mkono wa mama muda mrefu kidogo kuliko wengine. Akatazama miiba.

"Ile njia imeenda wapi?"

"Imehamishwa," mama alisema. "Iko chini sasa."

"Aa," alisema mshonaji, na akafuata wenzake kutoka kwa mlango wa mbele.

Nikiosha vyombo nilimuuliza mama ameonaje. "Walikuwa wageni wazuri," alisema. Hakuwa ananichokoza. Alimaanisha hivyo hivyo, na ndiyo sababu maneno yale yaliniuma.

Siku zilizofuata alitoka kila jioni akakaa kwenye kiti chenye mgongo mgumu, na ungo wa mbaazi mapajani, akitazama ukuta wa miiba mikavu. Mbali chini tulisikia miguu ikipita, mtu akikohoa, vicheko. Mama aliinua kichwa. Lakini hakumwona aliyepita na aliyepita hakumwona, kwa hiyo hakuna aliyeita. Nilikuwa nimempunguzia hata kelele.

Ilikuwa wakati wa kuvuna ndengu, na mama alinituma Kyuso kwa kaka yake nichukue gunia letu. Nilifurahi kuondoka. Mjomba wangu anaishi kwenye boma lile alimozaliwa mama, uwanja mpana uliofagiliwa, nyumba upande mmoja, zizi la mbuzi upande mwingine. Tulikaa nje tukipepeta ndengu. Alikuja mwanamume na mbuzi wake, akakatiza uwanja katikati, kati ya jiko na sisi. Alisimama, akasalimu, akanywa maji ya mtungi, akasema jambo fulani kuhusu kisima kilichobomoka, akaendelea. Baada yake walipita wasichana na mitungi. Kisha mwanamke mzee, ambaye alikaa chini kabisa, akapepeta nasi kidogo, akamnong'oneza mke wa mjomba kitu kilichomfanya ashike mdomo, akainuka na kwenda. Hakuna aliyekaribishwa. Hakuna aliyepewa kiti.

"Mjomba," nilisema, "hii njia inapita katikati ya nyumba yenu."

"Njia haikupita kwenye nyumba," alisema. "Nyumba ndiyo ilikuja kwenye njia. Babu yako alijenga hapa makusudi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa mbea." Alicheka hadi ndengu zikamwagika. "Kabisa! Alitaka kila habari ya Kyuso imfikie kabla haijapoa. Na mamako ndiye aliyefanana naye. Hujamjua?"

Nilirudi Kilungu na gunia la ndengu na kichwa kilichojaa. Nilijua la kufanya kabla gari halijafika mjini Kitui, lakini mimi nikijua jambo ndipo kazi ya kulihofia inapoanza. Njia ikipandishwa kwenye mteremko inageuka mkondo. Mvua mbili tu na ni korongo. Watu wakipita mlangoni pa jikoni wataona kila kitu, sufuria nyeusi, nguo za ndani kwenye kamba, kuku wangapi tunao. Itakuwaje siku mama hataki kuonekana, siku anaumwa, siku amelia? Na miche ya michongoma, je, ambayo ilikuwa imeanza kushika? Na jirani, niliyemsumbua kuhamisha njia mara ya kwanza? Na je, wakipita wasisimame? Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikifungua kila kitu halafu mshonaji aseme "Bwana asifiwe" na kupita, mama atakuwa amepitwa kwa karibu, ambako ni kubaya kuliko kwa mbali.

Nilimweleza mama yote hayo, nikiwa nimesimama mlangoni huku yeye akichagua mawe kwenye ndengu. Aliniacha nimalize, kama anavyoniacha siku zote.

"Yaani watu wapite hapa? Hapa jikoni kwangu?"

"Kati ya mlango na kiti chako."

"Waone sufuria zangu?"

"Ndiyo."

Alitupa jiwe moja nje, kwenye changarawe. "Basi itabidi tuzisugue," alisema. Kisha, bila kuniangalia: "Na wasiposimama, si wamepita tu? Watu hupita. Mimi nitakuwa nimewaona viatu."

Asubuhi yake nilitoa miiba. Nilifanya hivyo kabla ya chai, kwa kuwa najijua. Baada ya chai ningefikiria. Nilichoma matawi, nikang'oa miche mahali ambapo njia ingeingilia, na kuipanda kandokando ya zizi letu la mbuzi ambako ina faida. Kisha nikarudi kwenye tuta la pili, nikafungua njia ya zamani, na kutoka pale nikaanza kuipandisha. Sikuipandisha wima. Niliilaza mlimani, kwenda kulia kidogo, kugeuka, kwenda kushoto, nikikata ngazi fupi ambazo hata goti bovu lingeziweza, nikiziwekea mawe bapa mbele. Kila mahali ilipogeuka nilichimba kijimtaro cha kuyatoa maji njiani na kuyaingiza kwenye tuta, ambako migomba ingeyanywa. Nilimwona jirani wa chini akinitazama, mikono kiunoni.

"Jana umefunga, leo unafungua!" aliita. "Kesho utaniambia nihamie wapi?"

"Wewe baki hapo hapo!"

"Asante sana, mkubwa!"

Alikuja hata hivyo, akaleta mtaimbo. Tulifika juu jioni. Njia ilikatiza ukuta wangu wa mawe, ambao ilinibidi niubomoe kwa upana wa mtu mwenye kyondo, ikapita kwenye changarawe, kati ya mlango wa jikoni na kiti cha mama, ikazunguka pembe ya nyumba na kutokea barabarani. Nilikuwa bado nimepiga magoti nikishindilia jiwe la mwisho niliposikia mtu anapumua nyuma yangu.

Alikuwa mshonaji. Alisimama kwenye ngazi iliyo chini yangu tu, kyondo begani, akiangalia pengo kwenye ukuta.

"Hodi?" alisema.

"Hodi ya nini?" mama alijibu kutoka kwenye kiti. "Hiyo ni njia."

"Ni ya kupita?"

"Pita basi."

Akapanda. Nikabana kando ampishe. Alifika katikati ya changarawe, mbele ya magoti ya mama, akasimama.

"Mimi naenda tu," alisema. "Nimechelewa. Kuna nguo ya mtu naipeleka."

"Enda."

"Naenda." Alitua kyondo chini. "Mguu?"

"Uko tu." Mama alisukuma kigoda kwa ncha ya mkongojo, kile kigoda cha zamani, ambacho sikujua amekitoa wapi. Mshonaji alikaa bila kukitazama, akachukua konzi ya mbaazi kutoka kwenye ungo.

Kwanza waliongea kwa sauti, kuhusu mawe yangu, kwamba nimeyapanga vizuri ila lile la tatu linacheza. Nililishika nikalitikisa. Kweli lilikuwa linacheza. Nikaanza kulichimbua. Halafu sauti zao zikashuka kidogo, na kushuka tena, na nilipoinua macho vitambaa vyao vilikuwa karibu kugusana, na mkono wa mama ulikuwa juu ya mkono wa mwenzake, mbaazi zimesahaulika ndani ya ungo.

Mama alinigeukia bila kuinua kichwa.

"Wewe," alisema, "hakuna kazi huko mbele?"

Niliokota jembe nikaenda mbele ya nyumba, ambako hakukuwa na kazi yoyote.